Ukweli Una Bei: Fundi, Mteja na Simu Iliyoharibika

Masomo: Mambo ya Walawi 6:1-5, 2 Wafalme 12:4-15, Mithali 23:23



Wiki hii nataka tuongee juu ya jambo ambalo halipandi mimbarini mara nyingi, ingawa hatumalizi mwezi bila kulisikia: simu imeharibika, na fundi anasema kesho. Kuna ile imekataa kuwaka. Kuna ile inakula chaji, asubuhi mia, saa nne ishirini. Kuna ile kioo chake kimekufa upande mmoja, unabonyeza herufi hii inaandika nyingine. Na kuna ile iliyoachwa kibandani Jumatatu kwa "nusu saa tu, mama", na leo ni Ijumaa.

Wengi wetu tunaichukulia hii kama kero ya mtaani tu, kama matope au stima kupotea. Mimi naona ni swali la kiroho kabisa, na swali lenyewe ni hili: mtu anapokuachia kitu chake ambacho yeye hajui kinavyofanya kazi ndani, na wewe unajua, wewe unadaiwa nini kwake? Na yeye anadaiwa nini kwako? Nilipokuwa chuoni nikisomea biashara tulifundishwa swali hilo kwa lugha ya soko. Biblia inalifundisha kwa lugha ya amana. Leo tuziweke zote mbili mezani.

Si simu tu

Zamani redio ikiharibika, ulikosa taarifa ya habari, ukaenda kusikiliza kwa jirani. Simu ya leo si hivyo. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, simu imekuwa kibeti. Ni duka, ni daftari la madeni, ndiko mchango wa mazishi unakoingia na ndiko karo inakotoka. Wengine wetu hata Biblia tunayosoma Jumapili iko humo humo. Ukimpa fundi simu yako, umempa funguo za nyumba na za sanduku kwa pamoja.

Kuna mama mmoja tunayeabudu naye ambaye huuza nguo za mitumba. Amenikubalia nisimulie mambo yake bila jina lake. Wateja wake huchagua nguo kwa picha anazowatumia, wanalipa kwa simu, kijana wa boda anapeleka. Siku moja simu ikakataa chaji. Akaipeleka kwa fundi, akaambiwa, "Kuja kesho asubuhi, utapata iko tayari." Alikwenda kesho, na kesho kutwa, na siku nne zingine. Kila siku alilipa nauli. Alipoipata, ilikuwa inawaka, lakini baada ya wiki mbili betri ikaanza kufura, na mtu mwingine alipoifungua akamwambia hiyo si betri iliyokuja na simu hiyo. Kisha akagundua kwamba kila kitu ndani kilikuwa kimefutwa. Humo mlikuwa na jumbe za sauti za marehemu mama yake.

Aliniambia hivi: "Pasta, pesa nitatafuta. Lakini angeniuliza tu kabla ya kufuta."

Hebu tusikie hayo maneno vizuri. Hakulalamika kwamba simu iliharibika. Hakulalamika hata kwamba ilikaa sana. Kilichomuuma ni kwamba mtu aliyekuwa na mali yake mkononi alijua jambo, akaamua yeye mwenyewe, akanyamaza.

Kuharibika si dhambi

Tuanze kwa kuondoa lawama mahali ambapo haifai. Vitu huharibika. Betri ya simu ni kemikali, na kila unapoijaza na kuimaliza inazeeka kidogo. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa haibebi tena kile ilichobeba ikiwa mpya, na joto huizeesha haraka zaidi, kwa hivyo ile simu unayoiweka juani kwenye meza ya biashara au unayoichaji chini ya mto ukilala inazeeka mbio. Pale waya wa chaji unapoingia panajaa vumbi na nyuzi za mfuko. Jasho na mvuke wa jikoni huingia polepole. Kumbukumbu la Torati 29:5 inawakumbusha Israeli kwamba miaka 40 jangwani nguo zao na viatu vyao havikuchakaa. Musa aliwatajia hilo kama muujiza kwa sababu kawaida ya viatu ni kuchakaa.

Kwa hivyo fundi hakuharibu simu yako kwa kuwa fundi. Na mara nyingine hata uwezo wa kutengeneza ameondolewa na watu walio mbali. Siku hizi simu nyingi betri imegandishwa kwa gundi, kioo nacho kimefungwa hivi kwamba kukitoa bila kukivunja ni kazi ya ustadi. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake zilikuwa zinapunguza kasi ya baadhi ya simu za iPhone ambazo betri zake zimechoka. Ilieleza kwamba nia ilikuwa kuzuia simu zisizime ghafla, na huenda ndivyo. Lakini wateja walikasirika kwa sababu hawakuwa wameelezwa vizuri. Kuna ambao huenda walinunua simu mpya wakati betri mpya ingetosha. Hata kwa kampuni kubwa hivyo, kidonda kilikuwa ni kile kile cha yule mama wa mitumba: mwenye kujua alinyamaza.

Ukisoma 1 Samweli 13:19-21 utakuta Israeli hawakuwa na mhunzi hata mmoja nchini. Mkulima akitaka kunoa jembe lake ilibidi ateremke kwa Wafilisti, na alipie. Taifa lisiloweza kutengeneza vyombo vyake liko mkononi mwa anayeweza. Ndiyo maana mimi huwashukuru vijana wetu wa vibandani. Ni wahunzi wetu. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022 dunia ilizalisha takataka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na sehemu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa inavyofaa haikufika robo. Kila simu inayofufuliwa na kijana mwenye bisibisi na taa ya mezani ni simu moja ambayo haijatupwa jaani. Ufundi ni kazi ya heshima. Hapo hatuna ubishi.

Amana ni nini

Sasa fungua Walawi 6. Mungu anazungumza na Musa juu ya mtu anayemdanganya jirani yake kuhusu kitu alichoachiwa akiweke. Ona jinsi jambo linavyopangwa: kosa limefanyika kati ya watu wawili, kwa kitu cha nyumbani, lakini andiko linalihesabu kuwa ni kumwasi BWANA. Kwa nini? Nafikiri ni kwa sababu kwa jambo la amana mara nyingi hakuna shahidi mwingine. Mwenye mali ameenda. Aliyebaki na mali yuko peke yake. Mungu anasimama pale kama shahidi, kwa hivyo anayedanganya hapo anamdanganya yeye aliyekuwa akitazama.

Halafu ona dawa. Mkosaji haambiwi alete sadaka tu. Anarudisha kitu chote, na juu yake anaongeza sehemu ya tano, na anampa mwenyewe, siku ile ile anayoleta sadaka yake. Tupige hesabu ya leo. Kama ulimtoza mtu shilingi 4,000 za kioo orijino ukamwekea feki, toba yako si kutoa ushuhuda. Ni 4,800, mkononi mwa mwenye simu. Toba isiyogusa mfuko wakati dhambi ilikuwa ya mfuko, bado ina maswali.

Sheria hiyo hiyo ina haki pia kwa aliyeshika amana. Kutoka 22:7-8 inajua kwamba mwizi anaweza kuvunja nyumba akabeba kitu cha mtu. Hapo mwenye nyumba haitwi mwizi moja kwa moja. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba mkono wake haukuhusika. Kwa hivyo kibanda kikivunjwa usiku, mteja mkristo asianze kwa kupiga nduru sokoni. Bahati mbaya ni jambo moja, na hila ni lingine.

Pale mwenye simu haoni

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika. Muuzaji anajua kama gari ni zuri au ni bovu lililopakwa rangi. Mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi anaogopa kulipa bei ya gari zuri. Kwa kuwa bei imeshuka, mwenye gari zuri anakataa kuliuza. Mwishowe sokoni yanabaki mengi ni yale mabovu, na kila mtu anasema, "Si nilikwambia, soko hili ni la wezi." Mwaka 2001 Akerlof alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi ya namna hiyo.

Ukitaka kuona mfano wake, nenda mahali popote penye mafundi wengi wa simu. Mimi nikisimama mbele ya kaunta siwezi kujua kama bodi imeungua kweli ama ni waya umelegea. Siwezi kujua kama kioo ni orijino ama ni nakala. Kwa kuwa sijui, najilinda kwa njia moja tu ninayoijua: nabishana bei. Fundi mwaminifu na fundi mwongo mbele yangu wanafanana, kwa hivyo nampa kazi anayesema bei ya chini na muda mfupi. Na ni nani anayeweza kusema bei ya chini na muda mfupi kila siku? Ni yule ambaye hana nia ya kutimiza.

Hapo ndipo swali la kijana mmoja wa kanisa letu lilinishika. Yeye ni fundi. Katika ushirika wa nyumbani watu walikuwa wanapokezana kusimulia mafundi walivyowanyanyasa, naye alinyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Pasta, nimewasikia. Lakini niambie, nikisema ukweli kila siku, nitakula nini?"

Hakuuliza kwa dharau. Ana mke na mtoto, na kodi ya kibanda haingojei. Tukasikizana. Akaeleza hivi. Mteja analeta simu imekataa chaji. Kuangalia ni bure; hiyo ni desturi ya kila kibanda, ukitoza mtu pesa za kuangalia anaondoka akikutukana. Anaifungua, anatafuta kwa nusu saa. Anakuta ni uchafu umejaa pale waya unapoingia. Anautoa kwa sindano. Simu inashika chaji. Sasa amwambie nini mwenye simu? Akisema, "Ilikuwa uchafu," mteja anacheka, anatoa shilingi 50, au anasema asante anaenda zake. Akisema, "Sistimu ya chaji ilikuwa imeenda, nimeweka ingine," anapewa 800 na mteja anashukuru sana.

Wapendwa, mimi nilisomea biashara, na nawaambia hiyo ndiyo kesi yote. Sisi wateja tumekubaliana, bila mkutano, kwamba tutalipia spea na hatutalipia akili. Tunalipia kitu tunachoweza kushika. Ujuzi wa kujua kwamba hakuna kitu kimeharibika, huo tunauita bure. Kisha tunashangaa kwamba kila simu inayofunguliwa inapatikana na kitu cha kubadilishwa.

Je, hiyo inamwondolea fundi hatia? Hapana. Njaa inaeleza uongo, haiuhalalishi. Yule mama hakuwa tajiri kuliko fundi wake. Mara nyingi anayedanganywa na maskini ni maskini mwingine. Nilimwambia kijana wetu hivyo, na nikamwambia pia jambo ambalo wahubiri hatupendi kulisema: ukianza kusema ukweli, mwezi wa kwanza utapoteza wateja. Sitaki kumwahidi kwamba kufikia Jumamosi foleni itafika barabarani. Inaweza kuchukua muda mrefu mpaka mtaa ujue kwamba neno lako ni neno.

Lakini pia nilimwambia mzigo huo haufai kubebwa naye peke yake. Mithali 23:23 inaizungumzia kweli kama kitu cha kununuliwa, na kisichofaa kuuzwa. Tumezoea kuhubiri nusu ya pili: fundi, usiiuze kweli kwa shilingi 800. Nusu ya kwanza inamwangalia mteja. Kweli inanunuliwa. Nani ameinunua? Ukimlipa fundi shilingi 200 za kuangalia tu, hata kama atakuambia ni uchafu, umenunua kweli. Umempa nafasi ya kuwa mwaminifu na bado arudi nyumbani na unga. Hizo 200 si hasara. Ndizo zinazokuokoa na zile 800.

Kijana akauliza swali lingine: na neno "kesho"? Nilimjibu kwamba kukosea kukadiria si uongo. Ulidhani ni kazi ya saa moja ukakuta ni ya saa tano, mpigie mwenye simu umwambie. Uongo ni kusema "kesho" ukijua spea bado haijatoka mjini, na pesa ya kuinunua bado hujapata. Lakini kabla hatujamhukumu, ni nani kati yetu hasemi "niko njiani" akiwa bado anatafuta viatu? Neno ni lile lile, kaunta tu ndiyo tofauti.

Mteja naye ana giza lake

Sikusudii kumfanya mteja malaika. Ndani ya simu nyingi watengenezaji huweka kibandiko kidogo cheupe ambacho kikiguswa na maji hugeuka chekundu. Mteja anafika, anaapa, "Haijaingia maji hata tone, ilizima tu." Fundi anafungua, anakuta chekundu. Mafundi wameniambia wanaona hivyo kila wiki. Tunataka tuambiwe ukweli juu ya simu ambayo sisi wenyewe tumeisemea uongo, na uongo huo unamgharimu fundi saa nzima akitafuta kosa mahali ambapo haliko.

Kisha kuna simu za bei ya ajabu. Kijana anakuuzia kwa 3,000 simu ambayo dukani ni 18,000, haina risiti, haina boksi, na anaangalia nyuma akiongea. Unajua. Unajifanya hujui. Vivyo hivyo kwa kioo cha bei ya chini sana: kuna simu mahali ilinyakuliwa dirishani mwa matatu ili ivunjwe, ipatikane spea. Hatuwezi kuombea usalama wa mtaa Ijumaa usiku, na Jumamosi asubuhi tuwe wateja wa wale wale tuliokuwa tunawaombea wakamatwe.

Na kuna simu zinazoachwa. Fundi amenunua spea kwa pesa zake, amemaliza kazi, mwenye simu amenunua nyingine na hashiki namba ya kibanda. Simu inakaa kwenye droo miezi. Kibandani kwa kijana wetu nilionyeshwa droo kama hiyo. Sikuzihesabu, lakini ilikuwa haifungi. Hayo pia ni mali ya mtu iliyoshikwa: jasho la fundi limeshikwa na mteja. Yakobo 5:4 inasema juu ya ujira uliozuiwa, kwamba unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana.

Hata makuhani hawakutengeneza

Sasa tufungue 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliona nyumba ya Bwana ina mabomoko. Akaagiza makuhani wachukue pesa zinazoletwa na watu, watengeneze. Watu walitoa. Pesa ziliingia. Mwaka wa 23 wa kutawala kwake ulipofika, mabomoko bado yalikuwa pale. Hebu fikiria! Mnaosema fundi wenu alichukua diposi akakaa wiki mbili, hawa walikuwa makuhani, na ilikuwa kazi ya Mungu. Andiko halisemi waziwazi kwamba waliiba. Linasema tu kwamba pesa ziliingia na kazi haikufanyika. Kwa hivyo kanisa lisiongee juu ya mafundi kana kwamba uzembe wa kutengeneza ulianzia kibandani.

Lakini tazama jinsi tatizo lilivyotatuliwa. Kuhani Yehoyada alichukua sanduku, akatoboa tundu kifunikoni, akaliweka kando ya madhabahu mahali kila anayeingia analiona. Pesa zikizidi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja, watu wawili, kisha zikapewa wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala na waashi. Mistari inataja hata mbao na mawe yaliyonunuliwa. Na mstari wa 15 unatuambia jambo la ajabu: wale wasimamizi waliokabidhiwa pesa hawakudaiwa hesabu, kwa maana walitenda kwa uaminifu.

Mambo haya mawili yako katika sura moja. Liko sanduku lenye tundu, la wazi, linalohesabiwa na watu wawili. Na wako watu ambao neno lao lilitosha. Mtu wa biashara anapenda sanduku, mtu wa kiroho anapenda uaminifu, na wengi wetu tunachagua kimoja. Mungu alitumia vyote viwili. Utaratibu mzuri haukuwafanya watu wawe waaminifu, ila ulifanya uaminifu uweze kuonekana. Ule ugonjwa wa soko la Akerlof ni kwamba mwema na mwongo wanafanana. Sanduku la Yehoyada ni dawa yake: lilifanya mwema asifanane na mwongo.

Tufanye nini wiki hii

Kwa mafundi. Mwandikie mteja karatasi, hata kama ni ya daftari: shida aliyosema, hali ya simu ilivyofika, bei ya spea, na bei ya mkono wako, kila moja pekee yake. Mrudishie spea ya zamani kwenye bahasha. Hakuna mahubiri ya uaminifu yanayozidi kipande kilichoungua ambacho mwenyewe anakiona. Kama kioo ni nakala, sema ni nakala, na useme bei ya orijino ni ngapi, achague. Usifute kitu kabla ya kuuliza. Usifungue picha wala jumbe. Ukihitaji kujaribu kamera, piga picha ya meza yako. Na ukiona hutamaliza kesho, usisubiri aje. Mpigie simu leo, kwa namba aliyokuachia.

Kwa wenye simu. Kabla hujaiacha, bonyeza *#06# uandike namba ya IMEI itakayotokea, ibaki kwako. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, nenda nazo nyumbani. Picha na sauti unazozipenda zihifadhi mahali pengine leo, ukiwa na simu nzima, maana hujui siku. Namba yako ya siri ya M-Pesa usimpe mtu, hata fundi aliyeokoka. Sema ukweli kama iliingia maji. Lipa pesa za kuangalia. Ukipigiwa kwamba iko tayari, nenda ukaichukue, na kama huna pesa yote, nenda useme huna.

Tukumbuke pia kwamba uvumilivu si kukubali kuonewa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Iko pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012. Mkristo anaweza kudai haki yake, kwa upole na kwa karatasi yake mkononi. Kwanza uende kwa mwenzako mkiwa wawili tu, kama Mathayo 18:15 inavyoelekeza. Wengi wetu tunaanzia kwa kikundi cha WhatsApp.

Kwa kanisa. Tunao mafundi kati yetu: wa simu, wa pikipiki, wa friji, wa cherehani. Wakati wa kuwaombea wafanyabiashara tusiwaombee wateja wengi tu. Tuwaulize: ni mahali gani katika kazi yako ukweli unakugharimu? Kisha tukae kama ndugu tuone ni sehemu gani ya gharama hiyo sisi tunaweza kulipa. Mtaa ambao wakristo wake wanalipia ukweli, hata mafundi wasioamini wataanza kuuza ukweli, kwa sababu una soko.

Tuombe

Bwana, wewe unaona ndani ya vitu ambavyo sisi tunaona juu yake tu. Wape mafundi wetu mikono ya ustadi na midomo isiyoogopa kusema "sijui" na "bado". Utupe sisi wateja moyo wa kulipa kinachostahili, na ulimi usioficha maji. Penye amana ya mtu mikononi mwetu, tukumbushe uko pale. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni kitu gani cha mtu mwingine kiko mikononi mwako wiki hii, ambacho mwenyewe hawezi kukikagua? Tusifikirie simu tu: fikiria pesa za chama, mtoto wa jirani, siri ya rafiki.

2. Katika kazi yako, kusema ukweli kunakugharimu wapi? Nani angeweza kukusaidia kubeba gharama hiyo?

3. Soma Walawi 6:4-5. Je, kuna mtu unayefaa kumrudishia kitu, pamoja na sehemu ya tano, kabla ya Jumapili?

4. Mara ya mwisho ulipotengenezewa kitu, ulilipia spea tu au ulilipia na ujuzi? Zungumzeni kama kikundi mtakubaliana nini juu ya "kuangalia ni bure".